Nilifukiwa Kisimani, Nikafundishwa Kutumaini

Bwana asifiwe! Naona mmeitikia kwa sauti ndogo, labda ni jua hili la Mkumbara. Nitasalimu tena, na safari hii mwitikie kama watu waliokunywa chai asubuhi. Bwana asifiwe sana! Amina, hapo sawa.

Ndugu zangu, kwa wasionifahamu, ninaitwa Elieza. Kwetu ni juu milimani, Usambara, ila nimeishi hapa tangu nilipooa, na kazi yangu ni kuchimba visima. Yule dada aliyekaa na kina mama wa kwaya, mwenye mtoto mgongoni, ni mke wangu Tabea. Mchungaji amenipa nafasi ya kushuhudia na ameniomba nisizidishe dakika kumi. Mchungaji, naomba unisamehe mapema!

Nimesimama hapa kumshukuru Mungu aliyenitoa shimoni mara mbili. Shimo moja lilikuwa la udongo. Lile lingine nilikuwa nalibeba ndani ya kifua changu, na nilikuwa nalo hata nilipokuwa nimekaa kwenye mabenchi haya haya mnanitazama.

Mimi na Tabea tulifunga ndoa miaka sita iliyopita. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa wa kiume. Mkunga alimsugua mgongo, akampulizia, akamgeuza, lakini mtoto hakulia. Mwaka uliofuata Mungu akatupa wa kike, naye huyu alilia vizuri kabisa. Tukamwita Nuru. Tukamleta nyumbani, majirani wakaja na uji na vitenge, mama mkwe akaja na kuku. Aliishi siku kumi na moja. Homa ilimshika asubuhi, na jioni hatukuwa naye tena.

Ndugu zangu, mimi ni mchimbaji. Makaburi yote mawili niliyachimba kwa mikono yangu mwenyewe, na kila moja halikunichukua hata saa nzima. Mtu aliyezoea kuchimba futi thelathini anamaliza kaburi la mtoto mchanga kabla jasho halijamtoka. Hilo ndilo lililonivunja. Nilirudi nyumbani na jembe safi, sijachoka, na nilitamani ningekuwa nimechoka.

Kuanzia hapo niliacha kuimba besi kwenye kwaya. Kanisani nilikuja, maana nisipokuja watu wangeuliza, lakini nilichagua benchi la nyuma ili niweze kuondoka wa kwanza. Mchungaji akihubiri habari za tumaini, mimi moyoni nasema: huyu mzee hajawahi kuchimba kaburi la urefu wa mkono. Nisamehe tena Mchungaji! Nasema ukweli mbele za Mungu.

Unajua, mimi nilidhani kutumaini ni kukisia. Nilidhani ni mtu kujiambia kwamba mambo yatakwenda vizuri, kisha anangoja aone kama amepatia. Mimi nilikuwa nimekisia mara mbili na mara mbili nikakosa. Basi nikaamua kwamba sikisii tena.

Mwaka jana Tabea akapata mimba ya tatu. Alikuwa nje anasugua sufuria, akainua uso akaniambia, "Baba, nina ujauzito." Mnajua nilimjibu nini? Nilimjibu, "Sawa." Jamani! Mke wangu ananiambia ana mtoto tumboni, namjibu kama mtu aliyeambiwa kwamba kule Hale kumenyesha mvua!

Tena nikamwekea masharti. Nguo za mtoto zisinunuliwe. Watu wasiambiwe. Jina lisitajwe. Nikamwambia, "Tabea, tusijipe moyo."

Akanitazama, mikono yake imejaa majivu ya kusugulia, akasema, "Mimi sijajipa. Nimepewa."

Nilikasirika. Nilimwona kama mtoto mdogo ambaye haelewi. Kumbe aliyekuwa haelewi ni mimi.

Mimba ikiwa ya miezi mitano, nikapata kazi upande wa Handeni, katika kijiji ambacho wanawake walikuwa wanateka maji kwenye lambo lile lile wanalonyweshewa ng'ombe. Mnaijua hali ya maji ya Handeni, sina haja ya kueleza. Wanakijiji walikuwa wamechangishana wachimbiwe kisima. Asubuhi ya kuondoka nilikuwa nafunga mfuko wangu wa kazi, Tabea akasimama mlangoni.

"Kule chini ya kisima unakuwa peke yako," akasema. "Basi ufikirie jina."

Nikauweka mfuko begani nikapita. Ndugu zangu, kama yale ndiyo yangekuwa mazungumzo yetu ya mwisho, ningekuwa nimemwachia mke wangu nini? Mgongo wangu tu.

Kazini nilikuwa na Shabani. Huyu ni mtu wa Mashewa, Mwislamu anayeswali swala zake tano. Tumefanya kazi pamoja miaka mingi, mimi nachimba chini, yeye yuko juu anavuta ndoo za udongo kwa kamba iliyopita kwenye roda, gurudumu tulilolifunga kwenye miti mdomoni mwa kisima. Mahali tulipochagua kuchimba palikuwa karibu na korongo kavu. Juu kulikuwa na udongo mwekundu mgumu, mzuri. Lakini tulipofika kama futi kumi na tano tukakuta mchanga. Mchanga ule unateleza kama unga wa mahindi kwenye ungo.

Siku hiyo jioni Shabani alinivuta pembeni. "Elieza, mchanga huu siupendi. Kesho tusishuke kwanza. Tutafute mbao tuzuie kuta."

"Mbao za nini?" nikamwambia. "Mtu akifa amekufa."

Akakunja kamba yake. Baadaye akasema, "Hayo si maneno ya mtu mwenye mke nyumbani."

Nawaambia jambo hili kwa sababu sitaki mseme Shetani ndiye aliyebomoa kisima. Kosa lilikuwa langu. Fundi ninayejua kazi, nilishuka bila mbao kwenye mchanga, kwa sababu mtu aliyekata tamaa hajali. Kukata tamaa hakukai moyoni tu, ndugu zangu. Kunashuka mpaka mikononi, mpaka kwenye kazi ya mtu.

Kesho yake, kwenye saa nne asubuhi, nilikuwa chini kama futi ishirini na tano. Nilikuwa nimeinama najaza ndoo. Nikasikia sauti kama mtu anayemimina mahindi kutoka kwenye gunia. Nikainua kichwa, na mwanga ukazimika.

Nilipopata fahamu, nilikuwa nimesimama nimejikunja, mchanga umenifikia kifuani. Mkono wa kushoto haupo, umefukiwa. Mguu mmoja unauma sana. Miti iliyokuwa imefungiwa roda ilikuwa imeanguka pamoja na udongo, ikakwama juu ya kichwa changu ikapandana, ikawa kama paa. Kama isingekwama, leo mngekuwa mnaimba mapambio ya msiba wangu. Ni nani aliyeipanga miti ile? Mimi siwezi kuipanga hivyo hata nikipewa siku nzima!

Juu nilimsikia Shabani analiita jina langu. Nilijaribu kuitika, mdomo umejaa mchanga. Mkono wangu wa kulia ulikuwa huru, nikapapasa gizani, nikakuta kamba ya ndoo imepita katikati ya miti. Nikaivuta. Nikaivuta tena. Shabani akapiga kelele: "Yu hai! Kamba inacheza! Yu hai!"

Yaliyotokea juu niliyajua baadaye. Shabani alikimbia mpaka msikitini, na kipaza sauti cha msikiti kikaita watu wote waje na majembe. Wakaja Waislamu wakaja Wakristo, na mwalimu wa shule akaja. Wamaasai waliokuwa wananywesha lamboni wakawaachia wanawake ng'ombe wao, wakaja na sime zao. Shabani akawaambia kwamba mtu asichimbe kutoka juu, kwa sababu mchanga wote utaniangukia. Wakashuka korongoni, wakaanza kuchimba kutoka ubavuni, polepole, wanaweka nguzo, wanachimba, wanaweka nguzo, na kina mama wanatoa udongo kwa mabeseni. Hayo yote mimi sikuyajua. Mimi nilijua giza tu.

Nikasema moyoni, hapa ndipo mwisho. Na nitakiri jambo baya, ndugu zangu. Nilijisikia kama nimepumzika. Nikasema, sasa sitachimba tena kaburi la mtu. Nikafumba macho.

Ndipo nikasikia sauti ya mwanamke mzee, nyembamba, inatoka juu.

"Wewe! Mchimbaji! Umelala?"

Nikatema mchanga. "Sijalala."

"Unaitwa nani?"

"Elieza."

"Elieza, huko chini ndiko hakuna shikamoo?"

Jamani! Nimefukiwa mpaka kifuani, sijui kama nitaliona jua, na bibi anadai shikamoo yake! Nikasema, "Shikamoo, bibi." Akasema, "Marahaba, mwanangu. Mimi naitwa Mwanaidi." Na nikacheka. Nilicheka mchanga ukaniingia puani nikakohoa. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka kwa muda mrefu sana.

Shabani alikuwa amesema lazima niongeleshwe nisije nikalala, lakini mtu mzito asikanyage karibu na mdomo wa kisima. Watu wakatazamana. Bibi Mwanaidi, mkulima wa Kizigua mwenye wajukuu hata hajui idadi yao, akasema, "Mimi ndiye mwepesi kuliko nyote, hata upepo unanisukuma." Wakatandika mbao mbili, akalala kifudifudi, kichwa chake kikatokeza mdomoni mwa kisima. Na hapo alilala tangu saa nne mpaka jioni. Alikataa kubadilishwa. Alitoka mara moja tu kwenda kuswali adhuhuri, akamweka binti yake, na aliporudi akaniuliza kama binti yake ameniboa.

Tuliongea kila kitu. Aliniuliza habari za mahindi ya huku kwetu. Akanisimulia fisi aliyemla mbuzi wake na jinsi alivyomtukana fisi huyo kwa jina la baba yake. Nikifumba macho tu, anaita.

"Mkeo anaitwa nani?"

"Tabea."

"Ana watoto?"

Nikafumba macho. Akaita tena, "Elieza!"

"Ni mjamzito, bibi."

"Mashaallah! Jina mmepanga?"

"Hatujapanga."

"Kwa nini?"

Basi nikamweleza. Nilikuwa sijawahi kumweleza mtu. Nilimweleza habari za mtoto ambaye hakulia, na habari za Nuru na siku zake kumi na moja, na makaburi, na jembe safi. Niliongea nikiwa nalia, na machozi yakawa yanaosha mchanga machoni. Mwishoni nikamwambia, "Kwa hiyo, bibi, mimi sitaki tena kutumaini."

Nikasikia mbao zinalia juu, anageuka. Kisha akasema, "Elieza, wanaume wanachimba korongoni. Unawasikia?"

Nikasikiliza. "Siwasikii."

"Unawaona?"

"Nitawaonaje, bibi? Ni giza."

"Basi mimi nawaona kutoka hapa nilipolala. Wako wengi, wamejaa vumbi mpaka kope. Wewe huwasikii na huwaoni, na wao wanachimba vilevile. Wanakujua jina. Wanakufuata wewe."

Ndugu zangu! Bibi yule alikuwa ananipa habari tu. Hakuwa anahubiri. Lakini mimi nilihisi mtu ameniwekea mkono kichwani. Mahubiri yote niliyoyasikia kwenye benchi langu la nyuma yalinirudia kwa mara moja. Nikaelewa kwamba miaka yote ile niliangalia giza langu nikasema Mungu hafanyi kazi, kwa sababu tu mimi sisikii jembe lake! Na kumbe kufufuka kwa Yesu Kristo ndiyo kazi yenyewe, alianza kuchimba kutoka ubavuni mwa mauti, kutoka upande ambao hakuna mtu aliyekuwa anautazama. Ameshaingia kaburini akatoka. Ananijua jina. Ananifuata mimi. Na wanangu wawili pia anawafuata, wale niliowafukia kwa mikono hii. Hakuna kaburi nililolichimba mimi ambalo yeye atashindwa kulifungua!

Nikaomba. Sikuwa na nguvu ya kuomba kwa sauti kubwa. Nikasema, "Bwana, nisamehe. Nikitoka, mimi ni wako. Nisipotoka, mimi ni wako vilevile, na Tabea na mtoto ni wako. Mimi sioni, lakini wewe unafanya kazi. Nakutumainia."

Na kutoka juu nikasikia, "Amina."

Hapo hofu ikaniacha. Mguu uliendelea kuuma, giza lilikuwa lile lile, mchanga haukupungua hata kiganja. Lakini nilianza kuimba. Besi yangu! Mchungaji, ile besi uliyokuwa unanidai miaka yote, niliimba kule chini, na kina mama wa korongoni wakaniambia baadaye kwamba waliisikia ikipenya kwenye udongo na wakaanza kupiga vigelegele, wakijua sasa wamekaribia.

Jua lilikuwa limeanza kupoa nilipohisi kitu kinanigusa mgongoni. Ulikuwa mkono wa mtu. Una bangili za shanga. Mmaasai mmoja alikuwa amelala kwenye shimo lile la ubavuni, amepitisha mkono mpaka akanifikia. Nikaushika. Nawaambia, mimi nimeshika mikono mingi maishani, lakini sijawahi kushika mkono namna ile! Akasema, "Taratibu, rafiki, taratibu. Tumefika." Wakaniondolea mchanga kwa bakuli na viganja, wakanivuta kama ndama anayezaliwa, miguu ikatoka mwisho.

Mnaweza kufikiria kelele zilizokuwa korongoni? Watu waliruka, watu waligaagaa kwenye mchanga! Shabani alinikumbatia akanipiga kofi la begani kwa hasira, akanikumbatia tena, akasema, "Mbao, Elieza! Mbao!" Nikasema, "Mbao, ndugu yangu. Nisamehe."

Bibi Mwanaidi naye aliletwa, wamemshika huku na huku, maana alikuwa hawezi kunyooka. Mikono yake ilikuwa na alama za mbao. Alikuwa mdogo, mdogo kabisa, ananifika kifuani. Nikapiga goti kwa mguu ule mzima, nikamwamkia kwa adabu zote, shikamoo ya kweli. Akaitikia, kisha akaniuliza, "Jina?"

"Bado, bibi."

"Basi fanya haraka."

Wakanipeleka hospitalini, mfupa wa mguu ulikuwa umepasuka, nikafungwa plasta. Asubuhi Tabea akafika kwa basi la kwanza. Niliona tumbo lake likiingia wodini kabla yake, kanga imefungwa upande, viatu viwili tofauti miguuni. Alikuja mpaka kitandani, akanishika uso kwa mikono miwili. Mimi ndiye niliyeanza.

"Furaha," nikasema.

"Nani?"

"Mtoto wetu. Akiwa wa kike, Furaha. Akiwa wa kiume, Furaha."

Tabea akakaa kitandani, akakalia mguu wenye plasta, nikapiga ukelele, akaruka, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, na mimi hivyo hivyo, mpaka muuguzi akaja kutuambia kwamba wodi ina wagonjwa wengine!

Niliporudi nyumbani, jambo la kwanza tulikwenda makaburini pamoja. Tangu mazishi nilikuwa sijakanyaga pale. Nilikaa chini na magongo yangu, Tabea akang'oa majani. Nikawaambia wanangu kwa sauti, mbele ya mama yao, kwamba tutaonana. Sikuwa najikaza. Nilikuwa natoa taarifa, kama Bibi Mwanaidi alivyonipa mimi taarifa.

Wiki iliyofuata tukaenda sokoni Korogwe kununua vitu vya mtoto. Muuzaji wa nguo akauliza, "Mtoto ana umri gani?" Nikamwambia, "Hajazaliwa." Nikashika kofia ndogo ya sufu, nikairudisha, nikaishika tena. Hapa naomba mnisikilize sana, ndugu zangu. Mungu hakuwa ameniahidi kwamba mtoto huyu ataishi. Sikuota ndoto, sikupata unabii. Usiku mwingine niliamka na hofu, nikamsikiliza Tabea anavyohema. Nilijua kofia ile inaweza kubaki kabatini. Nikainunua. Maana niliyekuwa namtumainia ni Bwana mwenyewe, na Bwana hawezi kubaki kabatini! Mtoto akiishi, yuko mikononi mwake. Mtoto akilala, yuko mikononi mwake. Sasa kwa nini nimnyime mwanangu kofia, na jina, na baba anayemngojea kwa furaha? Hata ningempata kwa siku kumi na moja, ningependa azikute siku hizo zikiwa zimeandaliwa.

Hilo ndilo neno nililojifunza. Kukisia kunakuacha umekaa unangoja matokeo. Kutumaini kunakuinua unakwenda sokoni.

Kisima nacho kilimalizika. Tulianza upya hatua chache kutoka pale, safari hii mimi nikiwa juu na plasta yangu, nakagua kila ubao kabla Shabani hajashuka, mpaka akasema nimekuwa mzigo. Siku maji yalipotoka kijiji kizima kilicheza. Bibi Mwanaidi akaletewa kikombe cha kwanza. Akaonja, sisi tumetulia tunangoja hukumu. Akasema, "Yana chumvi kidogo." Akanywa tena. "Lakini ni yetu!" Na akamaliza kikombe.

Kisha siku ya Tabea ikafika. Nilimpeleka hospitali Korogwe mjini alfajiri, na mimi nikabaki nje kwenye benchi pamoja na wanaume wengine. Kila mlango ulipofunguliwa nilinyoosha shingo. Sitawadanganya, niliogopa. Niliogopa na nikatumaini, vyote viwili kwenye kifua kimoja, na nikagundua kwamba vinaweza kukaa pamoja. Nikaimba besi taratibu, mwanaume wa pembeni yangu akanisogelea akaanza kuimba sauti ya kwanza. Hatujuani mpaka leo.

Saa tano, muuguzi akatoka na karatasi mkononi. Akatazama benchi zima, akaita, "Baba Furaha ni nani?"

Hakuna aliyesimama. Wenzangu wakatazamana. Muuguzi akaita tena kwa ukali, "Jamani, Baba Furaha hayupo?"

Ndugu zangu, ni mimi! Nilikuwa sijawahi kuitwa hivyo mbele za watu. Nilisimama, nikasema, "Nipo! Nipo! Ni mimi!" kwa sauti iliyofika mpaka getini. Tabea alikuwa amewaambia jina kabla mtoto hajatoka. Na kutoka ndani nikasikia kilio, kilio kikali, cha mtoto mwenye hasira na dunia nzima. Ni wa kike. Leo ana miezi mitano.

Ninamshukuru Mungu wetu! Ninamshukuru Shabani, na watu wa kijiji kile, waliompata mgeni chini ya ardhi wakamchimba kama mtoto wao. Ninamshukuru mke wangu, aliyebeba tumaini la watu wawili wakati mimi nilikuwa nimelitupa langu.

Na wewe uliyekuja leo ukiwa na giza lako, sitakuomba ujikaze, wala sitakuambia ni lini utatoka. Mimi sijui. Ninakuambia kitu kimoja tu nilichokiona: yuko anayekufuata, na anakujua jina. Mkabidhi maisha yako leo. Na kama umewahi kuzika mtoto, baada ya ibada mimi na Tabea tutabaki hapa mbele. Njoo ukae nasi. Huna haja ya kusema kitu.

Mchungaji ananitazama, dakika kumi zilikwisha zamani. Na mnamsikia Furaha ameanza kulia, anataka kunyonya. Tabea, usitoke naye nje. Kaa hapo hapo, mama. Mwache alie watu wote wamsikie. Sifa na utukufu zimrudie Bwana, na kanisa zima liseme Amina!